Kura ya Aliyelala

Siku ya thelathini na nne ya uchaguzi, makardinali walikuwa wamechoka hata kununiana. Wiki ya kwanza walinong'ona kwenye korido kuhusu nani yuko upande wa nani. Wiki ya pili walinyimana salamu. Wiki ya tatu wawili kati yao, wazee wa heshima wenye vitabu walivyoandika wenyewe, walifokeana mbele ya masista kwa sababu ya dirisha, huyu anataka lifunguliwe na yule anataka lifungwe. Sasa walikaa tu kwenye viti vyao, blanketi za hospitali juu ya kanzu nyekundu, kila mmoja akimsubiri mwenzake abadili mawazo.

Baridi ya milima ya Mbizi haikuwa na huruma. Papa Eujeni wa Tano alikuwa amefia hapa akiwa ziarani, katika nyumba ya mafungo juu ya milima hiyo, nje kidogo ya mji wa Sumbawanga. Na sheria aliyoipitisha yeye mwenyewe mwaka 2089 ilirudisha desturi ya kale kwamba Papa mpya achaguliwe palepale alipofia aliyetangulia. Roma wakati wa kiangazi ilikuwa imeshapita nyuzi hamsini za joto, kwa hiyo mwanzoni wengi walishukuru. Hiyo ilikuwa kabla hawajaujua upepo wa Ufipa wa mwezi wa saba. Sheria hiyohiyo ilirudisha na adhabu ya zamani: siku nane zikipita bila Papa, chakula kinapunguzwa mpaka aina moja. Basi wakawa wanakula ugali wa ulezi na samaki aina ya migebuka, mchana na jioni, na kardinali mmoja wa Vienna alikuwa ameanza kuugeuzageuza ugali kwenye sahani kama mtu anayetafuta kitu kilichompotea.

Kardinali Gaudens Ndunguru hakusumbuliwa na ugali. Kilichomsumbua ni magoti. Alikuwa na miaka sabini na minne, mtoto wa mkulima wa kahawa wa Mbinga, na alishainuka zaidi ya mara mia moja kwenda mbele ya altare kuweka karatasi yake. Mara arobaini za mwisho aliandika jina lilelile: Rafael Quispe, askofu mkuu wa Cusco. Hakuona mwingine. Quispe alikuwa mtu mpole, anayesikiliza kabla ya kujibu, na aliosha sahani yake mwenyewe bila kutazama kama kuna anayemwona. Jana jioni alipata kura sabini na nane. Wapiga kura walikuwa mia moja na kumi na wanane, na theluthi mbili ilikuwa sabini na tisa.

Kura moja tu. Watu wazima, wasomi, walilala wakiwa wamekosa kura moja.

Asubuhi ile, kama kila asubuhi, kardinali mdogo kuliko wote aliingiza mkono kwenye mfuko wenye vigololi vya mbao na kutoa vitatu. Hao watatu ndio wangekwenda kuchukua kura za wagonjwa vyumbani. Kigololi cha kwanza kilikuwa cha Kardinali Pinto wa Goa, cha pili cha Kardinali Wilk wa Gdansk. Cha tatu kilikuwa cha Ndunguru, kwa mara ya kwanza tangu waingie.

Wakapewa sanduku lenye tundu jembamba juu yake. Pinto alilifungua, akawaonyesha wote kwamba ndani hamna kitu, akalifunga kwa ufunguo na kuuweka ufunguo juu ya altare. Desturi hiyo ilikuwa na umri wa mamia ya miaka. Ilibuniwa na watu wasioaminiana, na kwa maoni ya Ndunguru walifanya vizuri kutoaminiana.

Mgonjwa alikuwa mmoja tu. Ni Kardinali Bonifasi Mulongo wa Kalemie, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika.

"Leo tunamaliza," Pinto alimwambia Ndunguru kwa Kiitaliano walipokuwa wakitembea koridoni. Alikuwa amelikumbatia sanduku kifuani. "Nimeota niko kwetu, nakula samaki wa nazi."

"Ukiota tena, niwekee sahani," alisema Wilk, ambaye siku hizi alizungumza mara moja kwa siku.

Ndunguru hakucheka. Alikuwa akimfikiria Mulongo. Walisoma pamoja seminari ya Kipalapala, miaka hamsini na kitu iliyopita, na kati ya wote aliowahi kuwajua hakuna aliyependa kuongea kama yule Mkongo. Alibishana na walimu, akabishana na wapishi. Siku moja mwalimu wa historia aliwasimulia uchaguzi wa Viterbo, miaka mia nane iliyopita, jinsi makardinali walivyokaa karibu miaka mitatu bila kukubaliana, mpaka wenyeji wakawafungia mlango, wakawapunguzia chakula, na mwishowe wakawaezulia paa wanyeshewe na mvua. Darasa zima likashangaa. Mulongo akanyoosha mkono na kuuliza kama paa lenyewe lilikuwa la bati au la nyasi, maana kama ni la bati kuna mtu alilipeleka kwake.

Miaka mitatu iliyopita kiharusi kilimwangusha akiwa mimbarani. Kilimchukua upande wa kulia na kilimchukua ulimi.

* * *

Chumba kilikuwa na joto la jiko la kuni na harufu ya dawa ya kuchua. Mulongo alilala kwa ubavu, uso kauelekeza ukutani, amefunikwa mpaka kidevuni. Nyuma ya sikio lake palionekana uvimbe mdogo chini ya ngozi, na juu ya mto kulikuwa na kispika cha mviringo, kidogo kama kifungo cha koti. Hicho ndicho walichokiita msemaji.

Msemaji alisoma mishtuko ya ubongo pale maneno yanapozaliwa, akayatoa kwa sauti ya mgonjwa mwenyewe, sauti iliyokusanywa kutoka mahubiri yake ya zamani. Pale mishtuko ilipokatika, chombo kiliunganisha. Kilikuwa kimemezeshwa barua zote za Mulongo, hotuba zake, hata maungamo yake ya imani siku ya upadrisho, kwa hiyo kilijua angetaka kusema nini. Simu, redio na vyombo vyote vya namna hiyo vilipigwa marufuku ndani ya uchaguzi, lakini wanasheria wa Kanisa walikaa mwaka mzima juu ya msemaji na kukiruhusu chombo hicho. Hoja yao ilikuwa rahisi. Sheria ya zamani ilimruhusu mgonjwa asiyeweza kuandika aazime mkono wa kardinali mwenzake. Basi anayeazima mkono anaweza kuazima na ulimi.

Wakaweka kipimo kimoja tu. Kabla ya kila kura, mgonjwa asali Baba Yetu na wenzake. Akiifikisha mwisho bila kukosea, akili yake ni timamu.

Pinto akaanza sala. Sauti ya Mulongo ikaitikia kutoka juu ya mto, nene, safi, bila kigugumizi, ikafika "utuopoe maovuni" na kutia amina. Pinto akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Ndugu yangu, unamchagua nani kati yetu akuandikie?" aliuliza.

"Ndugu yangu Gaudens," ilisema sauti. "Tumetoka mbali."

Ndunguru akaapa mbele ya wenzake wawili kwamba hatalitaja jina atakaloandika, kwa mtu yeyote, mpaka kaburini. Pinto akamwachia sinia lenye karatasi chache, akaweka sanduku kwenye kimeza, na yeye na Wilk wakatoka nje na kuufunga mlango.

Ndunguru akaketi. Alijisikia vibaya kwamba hakuwa amekuja kumwona rafiki yake hata mara moja katika siku zote hizo. Alijitetea kwa magoti, kisha akaona aibu.

"Bonifasi," alisema kwa Kiswahili. "Umeamkaje?"

"Ninamshukuru Mungu kwa kila jambo," ilijibu sauti.

"Haya. Nakuandikia nani?"

"Rafael Quispe. Ni mchungaji mwema, na Kanisa linahitaji amani."

Moyo wa Ndunguru uliruka kama wa kijana. Hakujua jana Mulongo alimpa nani, wala hakuruhusiwa kujua, lakini kama hii ni kura mpya, basi imekwisha. Leo moshi mweupe, kesho magari, keshokutwa yuko Mbinga anachunguza kahawa ilivyoiva. Akachukua karatasi iliyochapwa juu yake maneno ya kuchagua, na chini akaandika jina la Quispe kwa herufi kubwa zisizofanana na mwandiko wa mtu, kama sheria ilivyotaka. Akaikunja mara mbili. Akanyoosha mkono kuelekea sandukuni.

Ndipo aliposikia mkoromo.

Ulikuwa mkoromo mzito wa mtu mzima aliyelala fofofo, unaanzia puani na kuishia kwa filimbi. Ndunguru aliujua. Ulimnyima usingizi Kipalapala miaka minne. Akainuka, akazunguka kitanda mpaka upande wa ukutani. Mdomo wa Mulongo ulikuwa wazi, mate yamekauka pembeni, macho yamefumba. Hakuwa ameamka dakika hii wala dakika tano zilizopita.

"Salamu Maria, umejaa neema," Ndunguru alisema polepole.

"Bwana yu nawe," ilisema sauti. "Umebarikiwa kuliko wanawake wote."

Mulongo akakoroma.

"Bonifasi, yule mwalimu wetu wa historia, tulimpa jina gani?"

"Mwalimu wetu alikuwa mtu wa Mungu," ilisema sauti kwa upendo. "Tumwombee."

Ndunguru alishika ukingo wa kitanda. Walimwita Mzee Paa, tangu siku ile ya Viterbo, na aliyembandika jina alikuwa Mulongo mwenyewe. Angelisahau jina lake la ubatizo kwanza.

Kipimo kile. Ni watu waliosali tangu hawajaota meno tu ndio wangeweza kukosea namna ile. Katika maneno yote ya dunia walikuwa wamechagua yale ambayo mtu huyatamka bila kuwapo, na wakayafanya ushahidi kwamba yupo.

* * *

Alifungua mlango mdogo wa ndani. Sista Auleria Kapele, muuguzi, alikuwa akikunja mashuka. Alikuwa mwanamke wa hapohapo Ufipa, mrefu, asiye na haraka.

"Sista, huyu amelala na chombo kinaongea."

"Ndiyo, Mwadhama."

"Unajua?"

"Mimi ndiye ninayekichaji." Alitoa mfukoni kibao chenye kioo kidogo cha kijani. "Hiki hakina mawasiliano, walinikagua. Kinanionyesha tu maneno mangapi ni yake na mangapi ya kujaziwa. Alipofika hapa yalikuwa sitini kwa mia ya kwake. Leo ni nane."

"Na hukumwambia mtu?"

"Nilimwambia daktari aliyekuja na Mababa kutoka Roma. Akaniuliza, anasali? Nikasema anasali. Akasema basi yupo, endelea na kazi." Sista alilaza shuka juu ya mengine. "Mwadhama, mimi ni sista wa zahanati. Nibishane na nani?"

Palikuwa na swali ambalo Ndunguru alitamani asiliulize. Papa Eujeni naye aliongea kwa msemaji miaka miwili ya mwisho. Dunia nzima ilijua na dunia nzima ilimsifu kwa ushujaa.

"Wewe ndiye uliyemuuguza Baba Mtakatifu hapa."

"Siku kumi na moja, Mwadhama."

"Kibao chake kilionyesha ngapi?"

Sista Auleria alishusha shuka alilokuwa akilikunja. "Siku ya kwanza, nne. Siku ya mwisho, sifuri, na alikuwa bado anabariki watu."

"Mwaka mmoja kabla?"

"Mwaka mmoja kabla sikuwepo. Labda ilikuwa tisini. Labda ilikuwa hivyohivyo. Chombo kinaweka kumbukumbu, ila hakuna aliyekifungua. Wamemzika nacho."

Miezi kumi na minne iliyopita Papa Eujeni aliteua makardinali kumi na tisa kwa mkupuo. Aliwataja mmojammoja kwa sauti nene, safi, bila kigugumizi. Gaudens Ndunguru alikuwa wa saba kwenye orodha ile. Rafael Quispe alikuwa wa pili. Na sheria iliyowaleta wote Mbizi ilisainiwa kwa kidole gumba na kusomwa na sauti hiyohiyo.

Ndunguru alirudi akaketi, karatasi iliyokunjwa bado mkononi. Alijua hesabu yake vizuri. Akiitumbukiza karatasi ile, Kanisa litapata Papa mzuri kabla ya saa sita mchana. Hatakuwa amesema uongo hata mmoja, maana ameandika alichosikia. Asipoitumbukiza, ataangusha mtu mwema aliyemchagua mwenyewe mara arobaini, atajivua nguo mbele ya wenzake, na watakaa hapa mpaka mvua zianze. Zamani mfalme wa Austria alikuwa na mazoea ya kutuma kardinali wake aseme, fulani simtaki, na mambo yakaharibika hivyo. Sasa itakuwa Ndunguru wa Mbinga, mwenye magoti mabovu. Alikuwa amechoka. Kwa uchovu ule angeweza kusamehe jambo lolote, hata hili, na hilo ndilo lililomtisha.

"Kizime," alisema.

"Hakijazimwa tangu afike."

"Kizime, Sista, kisha tumwamshe."

Sista Auleria aligusa kibao. Kispika kikatoa mlio mdogo na kunyamaza. Akamgeuza Mulongo kwa ustadi, akampangusa uso kwa kitambaa cha maji ya moto. Macho yakafunguka. Yalizunguka chumba, yakamfikia Ndunguru, yakakaa hapo.

"Ni mimi, Gaudens."

Mdomo wa Mulongo ulianza kufanya kazi. Ilikuwa tabu kuutazama. Ulijikunja upande mmoja, ukarudi, ukajaribu tena, na mshipa ukamsimama shingoni. Ndunguru alijikuta anataka kumsaidia, anataka kulisema neno kabla halijatoka, lolote, ili tu mateso yale yaishe. Akauma ulimi. Nje, Pinto alikohoa.

"Pa," alisema Mulongo. Sauti ilikuwa kama ya kuni kusuguana. Kisha, baada ya muda ambao Ndunguru hakuupima, "Paa."

Ndunguru alilia. Hakujificha kwa Sista wala kwa mtu. Alimshika rafiki yake mkono wa kushoto, ule mzima.

"Bonifasi, tunapiga kura. Ukisema ndiyo, minya mkono. Unataka kumchagua Quispe?"

Mkono haukuminya.

"Brandi? Kohler?" Akawataja wengine waliokuwa wakipata kura.

Hakuminya. Mulongo alikuwa akimtazama kwa subira, kama mwalimu anayemsubiri mwanafunzi mzito.

"Unataka kupiga kura?"

Kichwa kikasogea juu ya mto, kushoto, kulia. Mdomo ukaanza tena safari yake. Sista Auleria aliketi ukingoni mwa kitanda na kusubiri pamoja nao.

"Miye," alisema Mulongo. "Miye… nachoka."

"Pumzika," alisema Ndunguru. "Umesikika."

Akaichana karatasi yenye jina la Quispe vipande vinane, akavitia mfukoni. Akachukua nyingine kutoka kwenye sinia, hakuandika kitu, akaikunja mara mbili na kuitumbukiza sandukuni.

"Usikiwashe mpaka nirudi," alimwambia Sista.

Pinto alilitazama sinia, akahesabu kwa macho. "Umetumia mbili."

"Ya kwanza nilikosea," alisema Ndunguru.

* * *

Katika kikanisa kura zilihesabiwa kama siku zote. Mmoja alisoma kimya, wa pili alisoma kimya, wa tatu alisoma kwa sauti, na kila jina liliposomwa karatasi ilitobolewa kwa sindano na kuingizwa kwenye uzi. Ndunguru alisikiliza uzi ukivutwa. Quispe, Quispe, Brandi, Quispe. Mtu mmoja alikuwa ameanza kuhesabu kwa vidole bila kificho. Sabini na sita. Sabini na saba. Sabini na nane.

Karatasi ya mwisho ilisomwa kuwa ni tupu.

Hakuna aliyepiga kelele. Wangekuwa na nguvu wangepiga. Ilisikika pumzi moja ndefu, na kardinali wa Vienna akainamisha paji la uso mpaka likagusa meza. Dekano, Kardinali Ferrante, mzee mkavu aliyekuwa akiongoza kikao, aliashiria karatasi zipelekwe kuchomwa.

"Mheshimiwa Dekano, zisichomwe kwanza," alisema Ndunguru.

Alisimama. Magoti yakalia na safari hii watu wa jirani waliyasikia.

"Nimetoka kwa mgonjwa. Jina lolote nililoandika au nisiloandika sitalitaja, nimeapa. Lakini naweza kusema nilichokiona kwa macho. Msemaji alisali Baba Yetu nasi, mgonjwa akiwa amelala anakoroma. Alijibu kila nilichomuuliza, mgonjwa akiwa amelala. Kipimo chetu hakipimi kitu."

"Mimi nilisali naye," alisema Pinto, rangi imemtoka. "Nilikuwa mita moja."

"Alikuwa amegeukia ukutani. Hakuna aliyekwenda upande wa pili. Hata mimi nisingekwenda, kama si mkoromo."

Dekano alikunja mikono yake juu ya kitabu cha sheria. Alikuwa mwepesi wa akili na Ndunguru aliona jambo lote likimfikia, moja baada ya jingine.

"Baba Mtakatifu Eujeni," alisema Dekano taratibu, "alipimwa kwa sala hiyohiyo."

"Ndiyo."

"Unajua unachokivuta, Mwadhama? Sheria iliyotuleta hapa. Kumi na tisa kati yetu."

"Mimi ni wa saba kati ya hao." Ndunguru alivua kofia yake ndogo nyekundu na kuiweka mezani. Kichwa kikapata baridi ghafla. "Sisemi kwamba hakuwa anajua. Labda alijua kila kitu. Nasema sijui kama niliteuliwa na mtu au na barua zake za zamani, na nyinyi hamjui, na mpaka tujue siwezi kuweka mkono wangu kwenye chombo kile tena."

"Ungeweza kunyamaza!" Sauti ilitoka nyuma, yenye uchungu wa kweli. Alikuwa Kardinali Wilk, na lilikuwa neno lake la pili siku hiyo. "Siku thelathini na nne! Ungeandika tu ulichoambiwa!"

"Niliandika," alisema Ndunguru. "Kisha nikaichana."

Dekano alifungua kitabu, akasoma kitu, akakifunga. Alipozungumza sauti yake haikuwa na hasira, ilikuwa imechakaa tu.

"Asiye na hakika kwamba ni mpiga kura hawezi kubaki chumba hiki wakati wa kupiga kura. Hiyo ni sheria ya zamani kuliko ya Eujeni. Samahani, ndugu yangu." Akavuta pumzi na kutamka maneno yanayotamkwa mara moja tu, siku ya kwanza, kabla mlango haujafungwa: "Wasiohusika watoke."

Njia ya kuelekea mlangoni ilikuwa fupi, hatua ishirini na kitu. Ndunguru alizitembea huku akijiambia asimtazame Quispe, na alipofika usawa wake akamtazama. Yule mtu wa Cusco alikuwa ameinamia viganja vyake. Hakuinua uso. Ndunguru aliumia kuliko alivyotarajia. Mlango ulifungwa nyuma yake na kufuli ikalia.

* * *

Aliketi kando ya kitanda cha Mulongo, kichwa wazi, kama padre wa kawaida aliyekuja kumwona mgonjwa. Mulongo alikuwa macho. Sista Auleria alimlisha uji kwa kijiko, kidogokidogo. Ndunguru aliwaza kwamba huenda wanapiga kura nyingine sasa, watu mia moja na kumi na sita, na huenda wamempata wa kuwapata bila yeye. Aliwaza pia kwamba jina lake litasemwa vibaya Roma kwa miaka mingi. Hakuwa na nguvu ya kulijali hilo bado.

Sista alitoka na bakuli tupu. Aliporudi alisimama mlangoni.

"Mwadhama, mlango wa kikanisa umefunguliwa."

"Wamechagua?"

"Hapana. Wanatoka. Wametoka kumi na mmoja mpaka sasa, hawana kofia, wamesimama koridoni hawajui waende wapi. Mmoja ameniomba chai."

Ndunguru alihesabu. Kumi na mmoja, na yeye kumi na wawili, kati ya wale kumi na tisa. "Na yule wa Cusco?"

"Huyo alitoka wa kwanza," alisema Sista Auleria. "Yuko hapa nyuma yangu."

Akajitenga. Rafael Quispe aliingia akiwa ameshika kofia yake mkononi kama mtu aliyeingia nyumba ya msiba. Alionekana mzee kuliko asubuhi. Alimtazama Ndunguru, na kama kulikuwa na lawama usoni mwake ilikuwa imechanganyika na kitu kingine ambacho Ndunguru hakuthubutu kukiita shukrani.

"Kimezimwa?" aliuliza Quispe.

"Kimezimwa."

"Sijawahi kumsikia yeye mwenyewe. Nilikuja hapa mara tatu kumsalimu, na nikaondoka nimefarijika." Alivuta kiti. "Ninaweza kumuuliza neno?"

"Muulize. Atachukua muda. Nitakutafsiria."

Quispe aliketi upande wa ukutani, upande ule ambao hakuna aliyekuwa akiketi, uso kwa uso na mgonjwa. Akamuuliza, kwa maneno machache, kama kuna jambo anataka waliosimama koridoni walisikie. Ndunguru akalisema kwa Kiswahili. Mulongo alimtazama mgeni, akamtazama rafiki yake, kisha mdomo wake ukajikunja na mshipa ukasimama. Ikatoka silabi moja, ikapotea. Akaanza upya. Koridoni walisikika wazee wakisogea karibu na mlango, na mmoja akimnyamazisha mwenzake. Dakika ya kwanza ikapita, ikafuata ya pili, na hakuna hata mmoja aliyemmalizia neno.